Duka la kuchapa tasnifu huku River Road: nyota nne, ya tano imebaki kwa Zaburi ya 67

Nianze na bei, najua wengi mnafungua rivyu kutafuta bei tu halafu mnatoka. Printi nyeusi ni bob tano karatasi moja, ukipita karatasi mia mbili mama mwenyewe anashusha hadi nne bila kuombwa. Ya rangi ni ishirini. Kava ngumu yenye herufi za dhahabu ni mia saba na unaichukua siku hiyo hiyo kama umefika kabla ya saa nne asubuhi. Halafu kuna kitu sijaona kwingine hapa tao, kuchapiwa nota za muziki, mia na hamsini kwa ukurasa, unaleta nota zako za mkono kuna kijana hapo anazipiga kwa kompyuta zinatoka safi kama za kitabu. Hiyo ya mwisho ndiyo ilinipeleka, ndiyo ilinikosesha usingizi, na ndiyo nitaiongelea kuliko kava.

Ni River Road, ghorofa ya pili, chini wanauza spika kwa hivyo utasikia ngoma kabla uone ngazi. Jina lao silitaji maana kuna mambo nitasema si ya kumsifu mtu na yule mama nampenda. Ngazi ni za giza, shika ukuta. Ndani kuna mashine tatu za fotokopi, kompyuta nne, feni moja ambayo kazi yake ni kupeperusha karatasi za watu, na bakuli la peremende kwa kaunta. Viti ni viwili na vyote huwa vimekaliwa na mtu anayengojea CV.

Sasa mnielewe shida yangu ilikuwa gani. Mimi nafundisha muziki sekondari na kwa miaka mitatu, Jumamosi kwa Jumamosi, nimekuwa nikiandika tasnifu ya shahada ya pili juu ya Charles Ives, mtunzi wa muziki wa Marekani. Ukiuliza mtu hapa Nairobi Ives ni nani atakwambia labda ni mchezaji mpira, na simlaumu, hata kwao Marekani walikaa miaka mingi sana bila kumjua. Alizaliwa 1874 huko Danbury, Connecticut, baba yake George alikuwa kiongozi wa bendi, akasoma muziki Yale akamaliza 1898, halafu badala ya kufa njaa kwa sababu ya muziki akaingia biashara ya bima New York. Na hakuingia kwa kubahatisha, ile kampuni yake na Julian Myrick ilikuwa kubwa na ikamtajirisha kabisa. Mchana bima, usiku na wikendi nota. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa matatu kwa sababu nusu ya besi wa kwaya yetu ni watu wa bima na sacco, tena ndio wanachelewa mazoezi.

Watu huniuliza mbona huyo mzungu na si mtu wa huku. Jibu langu ni rahisi, njoo kwetu Kayole Jumapili saa nne. Upande wa kushoto wa ploti yetu kuna kanisa la hema, upande wa kulia kuna lingine la mabati, na kila moja limeelekeza spika kwa barabara. Huku wanapiga pambio ya mbio na ngoma, kule wanaimba tenzi ya polepole kwa kinanda, kii mbili tofauti (kii ni ile do ambayo wimbo unaikalia), spidi mbili tofauti, na wewe uko jikoni unakaanga mayai katikati ya vita. Inasimuliwa kwamba mzee George Ives alikuwa anafanya bendi mbili zikaribiane kila moja ikipiga wimbo wake, na mtoto anasikiliza zinavyogongana. Mtoto akakua akaandika Putnam's Camp, ile sehemu ya pili ya Three Places in New England, na humo kweli unasikia bendi zinatembea bila kungojeana. Watu waliiita kelele. Mimi niliisikia mara ya kwanza nikiwa na iyafoni kwa kitanda na nikasema ala, hii ni kwetu.

Halafu kuna tenzi zenyewe. Ives amejaza tenzi za kanisa kila mahali. Ule wimbo tunaouita Yesu Kwetu ni Rafiki, tyuni yake iko ndani ya simfonia ya tatu. Karibu na Wewe Mungu Wangu iko mwisho wa simfonia ya nne, imefichwa katikati ya okestra kama mtu anayeimba akiwa chumba cha nyuma. Mtaalamu mmoja wa muziki, J. Peter Burkholder, alitoa kitabu kizima 1995 kuonyesha njia zote Ives alizotumia kuazima tyuni za watu, maana si kunakili tu, kuna kufafanua, kuna kurundika moja juu ya nyingine, kuna ile ambapo tyuni inakuja vipande vipande na inakamilika mwishoni tu, unaijua kabla ujue kwamba unaijua. Tasnifu yangu imesimama juu ya hicho kitabu, nimeongeza tu sikio la mtu aliyeimba hizo tenzi kwa Kiswahili tangu Sunday school. Supavaiza alisema inatosha. Sawa.

Kwa hivyo nilifika hapo dukani mara ya kwanza mwezi wa pili nikiwa na flashi, na kazi ya kwanza haikuwa ya nota za mkono, nilitaka tu wanitolee Concord Sonata, ile kazi ya piano ya Ives ya 1920, kwa karatasi za A3. Hapo nawapa nyota tano bila maneno. Nota za piano ni ngumu kuchapa, mistari ni myembamba, tona ikiwa imechoka zile nota za juu sana zinapoteza vijistari vyake unabaki unahesabu hewani. Hawa walinitolea ukurasa mmoja kwanza, kijana akauinua kwa dirisha akaangalia, akasema hapana, akabadilisha tona kabla ya kuendelea. Tona mpya. Kwa kazi ya mteja wa mara ya kwanza. Mimi nimechapa mahali, sitasema wapi, walinipa kurasa sitini zenye mstari mweusi katikati wakaniambia mstari huo ulikuwa kwa flashi yangu.

Huyo kijana ndiye wa nota. Anaimba besi kanisani kwao, anasoma solfa (do re mi) na stafu (ile ya mistari mitano) zote mbili, na msimu wa tamasha za muziki za shule walimu wa kwaya wanapanga foleni kwake hadi kwa ngazi. Akaangalia zile kurasa za Concord zikitoka akaniuliza, "Mwalimu, hii imekatika? Sioni mistari ya baa." (Baa ya nota, ile mistari ya wima inayogawa mapigo, si ile ya chini ya barabara.) Nikamwambia haijakatika, sehemu kubwa ya hiyo sonata haina, mpiga piano anajijua. Akanyamaza. Ukurasa mwingine akauliza hiki kibao ni cha nini, nikamweleza kwamba kwenye sehemu ya Hawthorne kuna mahali Ives anataka utumie kipande cha mbao cha inchi 14¾ kubonyeza funguo nyingi kwa pamoja, polepole, ziwe kama ukungu. Mama akasikia kutoka kwa kaunta. Akachukua ile rula ya chuma wanakatia kava akapima, karibu sentimita 37 na nusu, akaishika juu ya meza namna hii kama anafinyanga chapati, akaniuliza, "Na huyu alikuwa na watoto kweli?" Nikamwambia alikuwa na mmoja wa kuasili. Akatikisa kichwa akarudi kwa M-Pesa yake.

Nikawa mteja. Kila Jumamosi niko hapo, na kadiri nilivyozidi kukaa kwa hiyo foleni ndivyo nilivyozidi kuona kwamba Ives mwenyewe alikuwa mteja wa watu kama hawa, na mteja msumbufu sana. Hiyo Concord ya 1920 aliichapisha kwa pesa zake mwenyewe akaigawa bure, hadi kwa watu ambao hawakuiomba. 1922 akarudia na kitabu cha nyimbo 114, pesa zake tena. Nota zake za mkono alikuwa anazipeleka zipigwe fotostati, ile fotokopi ya zamani inayotoka karatasi nyeusi maandishi meupe, halafu anachukua nakala anaanza kuandika tena juu yake, anaongeza, anafuta, anabadilisha. Ndiyo maana kazi yake moja inaweza kuwa na sura nne na zote ni zake. Concord ilichapwa tena 1947 na haikuwa ile ile. Mimi nilipoanza kuleta tasnifu "ya mwisho" mara ya tano, faili ikiwa inaitwa mwisho_kabisa_2, mama aliacha kunicheka akaanza kunionea huruma.

Na hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Kompyuta namba tatu, ile iko karibu na dirisha, betri yake ya ndani imekufa. Ukiiwasha inafikiri ni Januari 2009. Wanajua. Hawajabadilisha, na hiyo betri ni ya pesa kidogo tu hapo hapo chini wanauza. Mimi sikuangalia, nikageuza sura zangu kuwa PDF kwa hiyo kompyuta nikamtumia supavaiza, akanijibu akiniuliza kama nilianza utafiti nikiwa form two.

Ingekuwa ni mtu mwingine angecheka yakaisha. Mimi sura yangu ya pili yote, kurasa arobaini na moja, ni juu ya tarehe za uongo. Nieleze kidogo, ni tamu. Watu wa kwanza kumwandikia Ives, akina Henry Cowell na mkewe Sidney kwa kitabu chao cha 1955, walimchora kama mtu aliyetangulia wote, aligongesha kii mbili kabla ya Stravinsky, aliacha kii kabisa kabla hajasikia habari za Schoenberg, wale watunzi wakubwa wa Ulaya, yote akiwa peke yake na bima yake. Tarehe walizitegemea alizoandika Ives mwenyewe. Halafu 1987 mtaalamu mwingine wa muziki, Maynard Solomon, akatoa makala akauliza swali la kinyama, je kama mzee alikuwa anarudisha tarehe nyuma ili aonekane wa kwanza? Na hakuwa anaongea hewani, zile nota zimejaa maandishi ya pembeni yaliyoongezwa baadaye, anwani, tarehe zilizofutwa, tarehe juu ya tarehe. Hata Elliott Carter, mtunzi mwenzake wa Marekani ambaye alimjua Ives tangu akiwa kijana wa shule, alisimulia kwamba alimkuta mzee akiongeza makali kwenye nota za zamani.

Moto ukawaka. Mimi nilisoma majibizano hayo usiku kama mtu anasoma gumzo la wasap la familia inagombania shamba. Ila aliyenikonga moyo ni mtafiti Gayle Sherwood, kwa sababu yeye hakubishana, alienda kwa karatasi. Miaka ya 1990 akachunguza aina za karatasi za nota Ives alizotumia, maana karatasi ya aina fulani haiwezi kuandikwa kabla haijaanza kuuzwa, akachunguza pia venye mwandiko wa Ives ulibadilika mwaka hadi mwaka. Ikaonekana nyingi hazikuwa mbali sana na alivyosema mzee, na zingine kweli alizirudia na kuzibadilisha miaka mingi baadaye. James Sinclair alipotoa katalogi yake kubwa 1999 unaona kazi ya aina hiyo imeingia humo, kazi baada ya kazi. Maoni yangu, na niliandika hivyo ingawa nilishauriwa nipunguze makali, Solomon aliuliza vizuri akajibu mbio mbio. Mtu anayebadilisha kazi yake kila akiigusa si lazima awe mwongo. Anaweza kuwa mtu wa mwisho_kabisa_2.

Kwa hivyo wazeni mimi, na kurasa arobaini na moja za kutetea tarehe za mtu, natuma PDF ya 2009. Nilimwambia mama, akacheka hadi akashika kaunta, akasema betri atanunua. Hadi leo hajanunua. Mkienda kaeni namba moja au mbili.

Kosa la pili sasa. Hili ndilo la nyota.

Nilikuwa na mifano kumi na minne ya nota, nimeiandika kwa mkono, penseli, nikampa kijana aichape. Mfano wa tisa ni mwanzo wa Zaburi ya 67 ya Ives, ya kwaya bila ala, ya miaka ya 1890. Ni zaburi sote tunaijua, Mungu na atufadhili na kutubariki. Alichofanya Ives ni kwamba wanawake wote, soprano na alto, wanaimba kwa C kubwa (meja), na wanaume wote, teno na besi, wanaimba kwa G ndogo (maina). Wakati mmoja. Kwa hivyo mimi niliandika mistari ya wanawake haina flati hata moja, na ya wanaume ina flati mbili mwanzoni (zile alama za kushusha noti nusu hatua), B na E. Ukiiangalia haraka unaona kama mtu alisahau, au alinakili besi kutoka kwa wimbo mwingine.

Kijana aliona. Kijana wetu mzuri, msoma nota, bingwa wa tamasha, aliona kabisa na akanisaidia. Akatoa zile flati mbili. B ikawa B ya kawaida, E ikawa E ya kawaida, kila kitu kikawa safi, kii moja kwa wote, na akaendelea na maisha. Mimi nikaangalia mfano wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikaona anaandika vizuri kuniliko, nikaacha kuangalia. Hilo ni kosa langu, nakubali. Nakala nne zikachapwa, nakala nne zikapigwa kava ngumu nyeusi na jina langu kwa dhahabu, elfu mbili mia nane, nikalipa kwa till, nikapiga picha nikatumia mamangu.

Niliona kwa matatu. Niko kiti cha nyuma, mvua inanyesha, nafungua nakala yangu nijipendeze nayo, inafunguka ukurasa wa 71. Na ukurasa wa 71, nawaapia, ndiyo mwanzo wa sura ya tatu, na mwanzo wa sura ya tatu niliweka maneno Ives aliyoandikia mnakili wake, bwana mmoja aliyeitwa Price, pembeni ya nota za The Fourth of July. Anamwambia, Bwana Price, tafadhali usijaribu kuyafanya mambo yapendeze, noti zote za makosa ni sahihi, nakili tu kama nilivyoandika, ndivyo ninavyotaka. Nikatabasamu venye hayo maneno yametokea vizuri kwa karatasi. Nikafungua ukurasa wa 72. Zaburi. Flati hakuna.

Nilishuka hapo hapo, haikuwa hata stegi.

Nilirudi nikipanda zile ngazi nimejiandaa kupiga kelele. Saa tisa na nusu, siku ya mwisho ya kupeleka ni kesho yake saa sita. Nikaweka kitabu kwa kaunta, nikafungua 72, nikamwita. Akaja akaangalia, uso haujui lolote, akaniambia, "Si hapo ndio nilikurekebishia mwalimu? Ulikuwa umeweka flati za wimbo mwingine kwa wanaume. Nikasema nisikusumbue, uko na mambo mengi."

Sasa utampigia kelele vipi mtu kama huyo. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja, nikamwonyesha 71, nikamwambia soma. Akasoma polepole, kidole chini ya mstari. Akafika kwa noti zote za makosa ni sahihi, akasimama, akarudi 72, akaangalia mikono yake. "Kumbe ni mimi Price," akasema.

Mama akatoka nyuma akaelewa bila kuambiwa, akaanza kuhesabu kava, nne, ubao, kitambaa, dhahabu. Nikaona uso wake. Na saa hiyo hiyo stima ikapotea. Feni ikasimama, mashine zikalia ile sauti zao za kufa, spika za chini zikanyamaza, River Road ikabaki na honi peke yake. Watu wa CV wakaguna.

Tukakaa. Kijana akaniuliza, kwa heshima lakini unaona hajaamini, kama hiyo kitu inaimbika kweli. Nikamwambia inaimbika na inaimbwa, kwaya zimeirekodi. Akasema kii mbili kwa wakati mmoja watu watavutana mpaka wakutane katikati. Nikamwambia fikiria kwa solfa. Sisi wanawake do yetu iko kwa C, tunaanza do mi so. Nyinyi do yenu iko kwa B flati, mnaanza la do mi, hapo chini, na msitusikilize. Akajaribu la, akashika kichwa, akajaribu tena. Mwanamke mmoja wa CV akasema yeye ni alto, ampe mi. Mzee mwenye kitabu cha risiti za kufotokopi akashika ile do ya wanaume bila kuulizwa, kumbe ni teno wa miaka thelathini. Mimi nikachukua so. Mara ya kwanza kijana alivutwa, akapanda kwetu, akajikemea. Mara ya pili pia. Mara ya tatu akaziba sikio moja na kidole, akafunga macho, akashika G yake huko chini, na ile kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ikasimama.

Haigombani, hiyo ndiyo ajabu yake. Chini G, B flati, D. Juu C, E, G. Kwa karatasi ni kii mbili zinazopigana, kwa hewa ni kodi moja pana inayoegemea kama mlango uliofunguliwa nusu. Tuliishika hadi pumzi ikaisha. Mama alikuwa amesimama na mshumaa haujawashwa. Kijana akafungua macho akasema, "Rudia." Tukarudia kama mara sita, hatukuenda mbele ya neno la kwanza, maana tulikuwa tunashikilia Mungu, Mungu, Mungu tu, watu wa ngazini wakadhani ni kesha imeanza mapema.

Stima ilirudi saa kumi na mbili kasorobo. Alikaa akachapa mfano wa tisa upya, nikiwa nyuma ya bega lake, halafu akaniambia tuangalie yote kumi na minne moja baada ya nyingine, na tulipata nyingine mbili alizokuwa amenisaidia, moja alikuwa amesawazisha mapigo ya Putnam's Camp yakalingana vizuri kabisa. Walifungua kava zote nne kwa kisu, wakabadilisha kurasa, wakabandika upya. Mama hakunitoza kitu. Nilimpa mia tano ya chai akaikataa, nikaiacha chini ya bakuli la peremende. Niliondoka hapo saa tatu na nusu usiku, kijana akanisindikiza hadi stegi akibeba mfuko, njia nzima anaimba la do mi.

Tatizo dogo ambalo limebaki, na nalisema kwa sababu ni rivyu, zile kava zilizofunguliwa na kufungwa tena zina kajipengo kwa mgongo, ukiziweka mezani haziketi vizuri kama za kwanza. Nakala ya maktaba unaona kabisa. Haikunikataza kupita, lakini mtu anayelipa mia saba anatarajia kitabu kiketi.

Kwa hivyo nyota nne. Ningetoa tatu kama si ile tona. Kwa printi na fotokopi nendeni macho yakiwa yamefungwa. Kwa nota za kwaya za kawaida, za kanisa au za tamasha, sidhani kuna mtu anamfikia huyo kijana hapa tao, na kusema kweli kwa hizo utafurahi akikurekebisha, mimi mwenyewe amenishikia makosa mawili ya sauti kwenda sambamba kwa mpangilio wangu wa Krismasi. Lakini ukiwa na kitu cha ajabu, cha kisasa, chenye kii mbili au kisicho na baa, mwandikie juu kwa kalamu nyekundu nakili kama ilivyo, na uangalie kila ukurasa kabla ya kava, usiwe kama mimi. Sasa ameweka karatasi ukutani juu ya kompyuta namba mbili, ameandika kwa mkono USIREKEBISHE ULIZA KWANZA.

Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hawapo, wako kanisani wote. Lipeni kwa till, keshi mama hana chenji. Mkifika mwambieni ni mwalimu wa zaburi amewatuma, anaweza kuwashushia hadi nne hata kabla karatasi hazijafika mia mbili.